Nahamia Nakuru na watoto wawili: nitume dipoziti ya nyumba kabla ya kuiona?

Swali: Nimeishi Mombasa maisha yangu yote. Sasa kazini wamenihamishia tawi la Nakuru, nianze mapema Januari, na ofisi iko katikati ya mji. Mume wangu ni baharia, kwa hivyo nahama peke yangu na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine saba. Nimeona mtandaoni nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Lanet, shilingi 18,000 kwa mwezi. Picha ni nzuri, na tangazo linasema "dakika kumi kutoka mjini, maji ya kisima saa 24". Ajenti anataka nitume dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza, jumla 36,000, kabla ya Ijumaa, kwa sababu anasema kuna wengine wanaoitaka. Nitume? Na vyombo nibebe vyote au niuze nikanunue vingine huko? – Mama Wawili, Kisauni

Jibu: Mama Wawili, usitume hizo pesa. Naanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na mengine yote yanaweza kusubiri.

Simwiti huyo ajenti mwizi. Simjui, na hapa Nakuru wako vijana wengi wanaojitafutia riziki ya halali kwa kuonyesha watu nyumba. Ila namna anavyotaka ulipe ndiyo ile ile wanayoitumia matapeli, na ukiwa Kisauni huna njia ya kumtambua yupi ni yupi. Mchezo wenyewe huenda hivi. Mtu hukodi nyumba ya wageni wa muda mfupi kwa siku mbili tatu, akaipiga picha, akaitangaza kwa bei iliyo chini kidogo ya majirani zake. Walio karibu huwafungulia waione, maana funguo anazo mkononi. Walio mbali huwahimiza watume. Mwisho wa mwezi watu watatu wanne wanafika langoni na virago vyao, kila mmoja na risiti yake ya simu, na keateka, yaani msimamizi wa jengo, hamjui hata mmoja. Wengine hawajisumbui hata na funguo: wanaokota picha za nyumba ya Nairobi au Eldoret na kubadilisha jina la mtaa.

Kinachowaponza watu hasa ni ile haraka. Nyumba za bei hiyo upande wa Lanet si adimu kiasi cha kukunyima usingizi. Magorofa ya kupangisha yamejengwa na yanaendelea kujengwa huko Lanet, Pipeline, Kiamunyi na Ngata. Halafu kuna jambo ambalo mgeni hana namna ya kulijua: wapangaji wa mwezi kwa mwezi hutoa notisi mwanzoni mwa mwezi na kuondoka siku za mwisho, kwa hivyo nyumba nzuri huonekana kuanzia wiki ya mwisho hadi tarehe tano hivi za mwezi unaofuata. Tena Desemba ni msimu wa watu kuhama. Wafanyakazi wanahamishwa, wanafunzi wa vyuo wanaondoka, wazazi wanabadilisha shule. Hiyo ya Lanet ikichukuliwa Ijumaa, utapata nyingine.

Mjibu kwa adabu na umwombe mambo matatu. Kwanza akupigie simu ya video akiwa kwenye nyumba yenyewe, aanzie langoni, apande ngazi, aingie jikoni na kufungua mfereji huku unaona. Pili akupe jina la mwenye nyumba na akaunti au nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina hilo, au kwa jina la kampuni inayosimamia jengo. Isiwe nambari yake mwenyewe. Tatu umwambie utalipa siku utakayosimama ndani ya nyumba, si kabla. Mtu wa kweli atakubali yote matatu, hata kama atanung'unika kidogo. Akikasirika, au akipunguza kiasi na kukwambia "basi tuma hata elfu tano tu nikuwekee", funga mazungumzo. Kisheria anayefanya kazi ya uajenti wa nyumba Kenya anatakiwa awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, na wengi wa wale wa mitandaoni hawajasajiliwa. Kwa hiyo hela ya kuonyeshwa nyumba ukitakiwa kuitoa, itoe kidogo na uitoe mkononi mkiwa mmefika mlangoni.

Sasa nije kwenye maneno yaliyokufurahisha katika tangazo, ya maji ya kisima saa 24. Mimi yamenitia wasiwasi kuliko hata zile 36,000, na sababu ni watoto wako.

Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, juu ya miamba na majivu ya volkano. Mlima Menengai unaouona nyuma ya mji ni volkano. Maji yanayokaa chini ya ardhi ya namna hiyo huyeyusha madini yanayoitwa floraidi, na visima vingi vya Nakuru na viunga vyake vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kidogo chake ni kizuri kwa meno, ndiyo maana huwekwa kwenye dawa ya meno. Kikizidi, meno yanayoumbika huota yakiwa na madoa meupe kama chaki, kisha ya kahawia, na mengine hufanya vishimo. Ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza hata mifupa. Wewe mtu mzima meno yako yamekwisha kuumbika, hayatabadilika rangi. Lakini mtoto wa miaka mitatu meno yake ya mbele ya utu uzima yanaumbika sasa hivi, yakiwa bado ndani ya ufizi, na hatari hiyo inaendelea hadi miaka minane hivi. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Nimewaona wasichana wanaofunika mdomo kwa mkono wakicheka, na huwa naumia kwa sababu jambo lenyewe lilizuilika.

Wewe umekulia Mombasa, unajua maji ya kisima ya chumvi. Ulimi unakwambia mara moja kuwa haya si ya kunywa. Ya hapa hayakwambii kitu. Ni meupe, baridi na matamu. Kuyachemsha hakusaidii, maana moto unaua vijidudu lakini floraidi inabaki, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huwa nyingi zaidi katika yale yaliyobaki. Vichujio vya kawaida vya udongo au vya mkaa wa kuni navyo haviiondoi. Kinachoiondoa ni kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambacho Jimbo Katoliki la Nakuru lilisaidia sana kukieneza huku, au mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba, zile zinazotumiwa na maduka mengi ya maji ya kunywa. Ukienda kwenye duka la maji usiulize kama ni safi, kwa sababu kila muuzaji atasema ni safi. Uliza kama mashine yake inaondoa floraidi na kama ana vipimo.

Usidhani ni maji ya glasi tu. Chai, uji, wali, maharagwe na mchuzi vyote hunywa maji ya sufuria. Kwa hivyo bajeti yako iwe na maji ya mitungi ya lita 20 ya kunywa na ya kupikia pia. Ya kuoga, kufua na kupiga deki tumia ya kisima bila hofu, na dada wa kazi mweleze tofauti hiyo tangu siku ya kwanza. Na ukifika sokoni ukaona watu wanatia magadi kwenye maharagwe ili yaive upesi, usiige, maana magadi yenyewe yana floraidi nyingi. Maji ya mvua hayana tatizo hili. Jengo lenye mabati safi na tangi la kuvunia mvua lina thamani kubwa huku kuliko lenye vigae vya kung'aa sebuleni, na ningekuwa wewe ningelipa elfu moja zaidi kwa ajili yake.

Maji ya mfereji ya kampuni ya jiji, NAWASSCO, huchanganywa kutoka vyanzo mbalimbali: mengine ni ya mito kama Turasha na Mereroni, mengine ni ya visima kama vile vya Kabatini. Mchanganyiko huo kwa kawaida ni afadhali kuliko kisima cha jengo moja kisichopimwa, lakini huja kwa zamu, si kila siku. Ndiyo maana wenye nyumba wanachimba visima na kujisifia saa 24. Kwa hiyo maswali ya kuuliza ni haya: maji ni ya kampuni, ya kisima, au ya vyote viwili? Ya kampuni huja siku zipi za wiki? Tangi ni kubwa kiasi gani na linahudumia nyumba ngapi? Pampu inategemea stima, yaani stima ikipotea maji nayo yamekwenda? Na kisima kina ripoti ya vipimo? Aliyechimbisha kisima kwa njia halali hana sababu ya kukosa karatasi hiyo. Asipokuwa nayo, chukulia kuwa floraidi imezidi na ununue ya mitungi.

"Dakika kumi kutoka mjini" nayo inahitaji maelezo. Nakuru umebanwa: kaskazini kuna Menengai, kusini kuna ziwa na mbuga. Mji haukuwa na pa kwenda ila kujinyoosha mashariki na magharibi kando ya barabara kuu, ile ile inayobeba malori kutoka bandarini kwenu hadi Uganda. Mashariki ndiko kuliko Free Area, Pipeline na Lanet. Magharibi ni Ngata, na Kiamunyi iko kaskazini-magharibi. Karibu kila mtu anayekaa pembezoni anaitumia barabara hiyo moja asubuhi na jioni. Dakika kumi za Lanet ni za saa tatu usiku. Saa moja asubuhi, mvua imenyesha na lori limeharibika njiani, ni habari nyingine kabisa.

Ukiwa na mume nyumbani wa kupokea watoto wakati umekwama njiani ningekwambia Lanet ni sawa. Kuna hewa, kuna nafasi ya kucheza, na nyumba ni mpya. Lakini utakuwa peke yako. Mtoto wa miaka mitatu akipata homa saa nane mchana, unataka kumfikia kabla hujaanza kulia ndani ya matatu. Kwa hivyo rai yangu ni kwamba miezi sita ya kwanza uchukue nyumba ndogo iliyo karibu badala ya kubwa iliyo mbali. Angalia Section 58 na Naka, ziko upande huo huo wa Lanet lakini hujafika mbali, au Milimani, ambako kuna nyumba kongwe za uani zinazopangishwa. Kwa 18,000 huenda ukapata chumba kimoja cha kulala badala ya viwili, au jengo la zamani lenye rangi iliyopauka. Watoto wa umri huo wanaweza kulala chumba kimoja nawe kwa muda bila kudhurika. Ukishaujua mji, ndipo uamue kama unaipenda Lanet.

Kuna sehemu mbili nisizotaka uchukue bila kuuliza vizuri. Mwariki na pande zote za chini zinazoelekea ziwani: Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu miaka ya 2010, na kuna familia zilizohama makwao kwa sababu maji yalifika mlangoni. Si Mwariki yote, ila uliza maji yalifika wapi. Na London, mtaa mzuri kwa mengine yote, uko karibu na jalala la Gioto. Moshi na harufu hutegemea upepo, na ukienda kuona nyumba siku upepo umegeuka hutashuku lolote. Mtoto mwenye kifua usimpeleke huko. Kaptembwo na Rhonda ni rahisi kwa bei na zina uhai wa soko mpaka usiku, ila zimesongamana, na nisingemshauri mgeni aliye peke yake na watoto aanzie huko.

Shule itafute karibu na nyumba, si karibu na ofisi. Basi la shule linalopita mitaa mingi huwachukua watoto kungali giza, na giza la Nakuru ni la baridi. Jiji liko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana utaona jua na kudhani umedanganywa. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10, na Juni na Julai ndiyo miezi ya kukaza sweta. Kwa ajili hiyo unapoangalia nyumba tafuta dirisha la sebule au la chumba cha watoto linaloingiza jua la asubuhi. Nyumba iliyozibwa na gorofa la jirani pande zote hubaki na ubaridi na ukungu kwenye kuta, na hata nguo hazikauki. Bafuni angalia kama kuna bomba la kuogea la kupasha maji kwa stima, liwashe, na uangalie kama waya wake ni mnene na una swichi yake peke yake. Waya uliobabuka ni sababu ya kuikataa nyumba hiyo.

Njoo uone mwenyewe. Acha watoto kwa bibi yao, omba ruhusa ya siku tatu kazini, na uje katikati ya wiki, si Jumamosi. Jumamosi barabara ni nyeupe na kila mtaa unapendeza. Ona nyumba mchana kwa ajili ya mwanga na nyufa, halafu rudi ile ile baada ya saa kumi na mbili jioni wapangaji wote wakiwa wamerudi na mifereji yote imefunguliwa. Hapo ndipo utajua kama maji yanafika ghorofa ya tatu. Asubuhi yake panda matatu kutoka mtaa huo hadi mjini saa ile ile utakayokuwa ukienda kazini. Na kabla hujaondoka nunua nyanya na vitunguu kwa mama mboga wa langoni. Msalimie, mwambie unataka kuhamia hapa, kisha nyamaza umsikilize. Anajua maji yalikatika lini, nani aliibiwa mtungi wa gesi, keateka ni mtu wa aina gani, na kwa nini mpangaji wa nyumba unayoitaka aliondoka. Hilo la mwisho hutaambiwa na ajenti yeyote.

Kuhusu stima, uliza kama nyumba ina mita yake ya tokeni ya Kenya Power au ni mita ndogo ya mwenye nyumba. Zote zinafanya kazi, lakini kwenye mita ndogo bei ya yuniti hupangwa na mwenye nyumba, kwa hiyo mwombe akuandikie. Kama ni ya Kenya Power, hakikisha haina deni la mpangaji aliyetangulia, maana deni hukatwa kwenye tokeni unazonunua wewe. Jaribu kununua za shilingi mia moja hapo hapo uone unapata yuniti ngapi.

Umeridhika? Sasa lipa, na ulipe kwa njia inayoacha alama: benki au nambari ya malipo ya mwenye nyumba, siku ile ile unapopewa funguo na karatasi. Usisaini mkataba wa mwaka mzima. Omba wa mwezi kwa mwezi, au wa miezi sita ukilazimika. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa kipindi huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi chenyewe, kwa hiyo wa mwezi ni notisi ya mwezi, kwako na kwa mwenye nyumba pia. Asome mwenyewe kipengele hicho mbele yako.

Dipoziti ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi ninaouona. Anayehama anadai 18,000 zake, mwenye nyumba anasema zimeishia kwenye rangi, kitasa na sinki. Nani anasema kweli hakuna ajuaye, kwa sababu siku ya kuingia hakuna aliyeandika kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia, kabla hujaingiza hata kiti, piga video ya kila chumba polepole: kuta, dari, vioo, vitasa, mifereji, choo kikivutwa. Andika kasoro zote kwenye karatasi, keateka atie sahihi, na umtumie mwenye nyumba nakala kwa simu siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Mkataba wenyewe useme mambo mawili waziwazi: dipoziti itarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya kutoka, na rangi ni juu ya nani. Kipengele cha kupaka rangi upya hukaa chini kabisa kwa herufi ndogo. Mtu aliyekaa miaka minne kupaka rangi ni haki. Aliyekaa miezi sita na kuacha kuta safi, si haki, na hilo lijadiliwe kabla ya sahihi, si baada.

Ikitokea ukanyimwa, usidanganywe kuwa utaenda kwenye baraza la kodi. Baraza linaloundwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, linahusu nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo wewe halikuhusu. Njia yako ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai ya fedha hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na inatakiwa imalize shauri ndani ya siku 60. Pale ndipo ile video na ile karatasi zitakapokusemea. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukung'olea mlango au kukufungia nje kwa sababu mmekosana. Kumtoa mpangaji kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama.

Kuhusu vyombo, jibu langu huenda likakushangaza: nenda Kongowea. Malori yanayoleta viazi, kabichi na vitunguu kutoka Nakuru, Molo na Njoro hushusha mzigo hapo sokoni, na mengi hurudi bara tupu au nusu tupu. Dereva anayerudi Nakuru atakubebea kwa bei ambayo lori la kuhamisha watu haliwezi kuigusa. Lakini zungumza na mwenye lori, si dereva peke yake. Piga picha ya kitambulisho na nambari ya gari, malizieni bei kwa maandishi, lipa nusu wakati wa kupakia na nusu wakati wa kushusha, na uwe na ndugu wa kukaa kiti cha mbele safari nzima. Omba lori lifagiliwe na litandikwe turubai. Matope ya viazi na godoro havipatani.

Bei ya kubeba ikiwa hiyo, beba magodoro, vitanda vinavyofunguka, meza, vyombo vya jikoni na friji. Uza kabati kubwa, maana ngazi za magorofa ya huku ni nyembamba na kabati hubaki chini kwenye baraza. Feni na kiyoyozi viache Mombasa. Mapazia usinunue mapya mpaka upime madirisha ya nyumba utakayoipata. Blanketi nzito na masweta ya watoto nunua hapa, mitumba ya Nakuru ni mingi na mizuri. Vyeti vya kuzaliwa, kitabu cha chanjo cha mdogo, barua ya uhamisho ya shule na mkataba wa nyumba visipande lori; vikae kwenye mkoba wako.

Usisafiri wiki ya kabla ya Krismasi. Kuanzia tarehe 20 Desemba magari yote ya Nairobi yanaelekea bara, na kati ya Naivasha na Gilgil foleni inaweza kukulaza barabarani na watoto. Kodi yako ikianza tarehe 1 Januari, mwombe mwenye nyumba funguo tarehe 28 au 29 ili lori litangulie na ndugu yako akafunge vitanda. Nyinyi njooni tarehe 2 au 3, wakati ambapo wengi wanarudi Nairobi na upande wenu wa barabara uko wazi zaidi. Pandeni treni ya asubuhi hadi Nairobi, laleni huko usiku mmoja, mfike Nakuru mchana wa pili. Kwenye begi la mkono wekeni masweta, maana mkipita juu ya bonde kabla ya kushuka Naivasha kuna baridi ambayo wanao hawajawahi kuionja.

Mtungi wa gesi usiupakie ukiwa na gesi. Utumie mpaka uishe, uubebe mtupu na kuubadilisha ukifika, maana huku utapata gesi za kampuni zile zile. Friji isafirishwe ikiwa imesimama wima na imefungwa kwa kamba, na ikifika iache itulie mpaka kesho yake ndipo uiwashe.